Gundi Niliyoipaka Sura ya Saba

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilipoishia: chumbani kwa binti yangu, saa nane kasoro mchana, begi lake la shule limelala wazi kitandani, na mimi mkononi nina karatasi ya zahanati iliyokunjwa mara nne. Hakuna jina. Juu kuna tarehe, ila nani anasoma tarehe wakati kama ule. Chini yake pameandikwa: "Ijumaa, saa nne. Majibu ya damu. Usije peke yako."

Kwa msionifahamu, mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka jana kamati ya wazazi iliniletea vitabu mia moja na arobaini vya sayansi, ikataka nibandike kurasa zote za sura ya saba, ile ya uzazi na magonjwa ya zinaa, watoto wasije wakaharibika. Nikabandika. Tangu hapo mtaani naitwa Gundi, na nilikuwa naitika nikicheka.

Halafu binti wa seremala jirani yangu, mtoto aliyekuwa akishika namba moja darasani, akaacha shule na tumbo. Nilikwenda kumpa baba yake pole, nikarudi, nikala, nikalala. Ule msemo wa mwenzako akinyolewa wewe tia chako maji nilidhani wameambiwa watu wengine.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha binti yangu. Ana miaka kumi na mitano. Wenzake wanamwita Daktari, na mimi siku zote nilidhani ni kwa ajili ya mwandiko wake mbaya.

Mlango ukasukumwa. Akaniona mimi, akaliona begi, akaiona karatasi. Hakushtuka. Hilo lilinitisha kuliko kama angelia.

"Shikamoo, Baba."

Sikuitikia. "Hii ya nani?"

"Umepekua begi langu?"

"Nimekuuliza, ya nani?"

"Si yangu. Nimeombwa kuitunza."

"Una mimba?"

Swali lenyewe lilinitoka kwa sauti ndogo, kama mimi ndiye ninayeulizwa.

"Sina, Baba."

"Unajuaje kama huna?"

"Sijafanya kitu cha kunipa mimba. Na kitu chenyewe nakijua, kwa sababu nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Inuka kidogo."

Nikainuka. Akaingiza mkono chini ya godoro nililokuwa nimelikalia, akatoa kitabu cha sayansi. Nilikitambua kabla hajakigeuza, maana mgongo wake niliushona mimi. Akakifungua sura ya saba. Kurasa kumi na mbili zilikuwa zimeachana, safi, hakuna hata moja iliyochanika pembeni.

"Umezifunguaje?"

"Mvuke wa birika, halafu kisu chembamba. Si wewe ulinifundisha, tulipokuwa tunabandua yale majalada ya zamani?"

Kweli nilimfundisha. Na kosa lingine ni langu vilevile. Katika kazi yetu tunaambiwa, fundi habandiki kitu asichoweza kukibandua. Kwa hiyo vitabu vile mia moja na arobaini nilivibandika kwa gundi ya unga, ile tunayoipika wenyewe, kwa mazoea tu. Ukiipa mvuke dakika tano inalegea. Kamati haikuuliza gundi gani, na mimi sikufikiri kama kuna mtu atakayetaka kufungua.

"Umefungua hiki tu?"

"Vipo thelathini na moja. Wenzangu wananiletea, tunasoma pamoja wakati wa mapumziko."

Nikaelewa jina la Daktari limetoka wapi.

"Nani amekutuma?"

Ndipo macho yakamjaa. "Binti wa seremala tulikaa dawati moja. Aliniuliza kama mara ya kwanza mtu anaweza kushika mimba. Nikamwambia sidhani. Mimi ndiye niliyemjibu, Baba. Tulikuwa na kitabu mbele yetu, jibu lipo ndani, limegandishwa."

Hasira yangu yote, niliyokuwa nimeitayarisha tangu nilipoishika ile karatasi, ikakosa pa kukaa. Nikarudi kwenye karatasi, kwa kuwa hapo angalau nilikuwa na haki ya kuuliza.

"Basi hii ni ya nani?"

"Ya Mama."

Ndugu zangu, kuna hofu ya kupiga kelele na kuna hofu ya kukauka mdomo. Nilihama kutoka ile ya kwanza kwenda ya pili.

Mke wangu ana mimba ya miezi sita. Kabla ya hii tumezika wawili. Wa kwanza alitoka akiwa na miezi mitano. Wa pili alitimiza miezi minane, akazaliwa kimya. Siku ile ya pili nilitafuta mtu wa kumlaumu nikampata: shemeji yangu, dada yake mke wangu, ambaye hakujaliwa mtoto. Nikasema ana jicho baya. Alikuja kumwogesha mdogo wake na kumpikia, mimi nikasimama mlangoni mvua inanyesha nikamwambia arudi alikotoka, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kinachotula ni yeye. Hajakanyaga kwangu hadi leo. Na mambo ya kliniki nikayakataza vilevile, nikasema huko ndiko wajawazito wanakokutana na macho ya watu.

"Mama yako anaumwa nini?"

Binti yangu akanipa kitabu. "Soma ukurasa wa tisini na nne. Mimi siwezi kukusomea."

Akatoka, akavuta pazia.

Niwaambie jambo la aibu. Kurasa zile nilizibandika mara mia moja na arobaini, na sikuwahi kusoma hata mstari. Nilikuwa naangalia pembe zilingane.

Nikavaa miwani. Ukurasa wa tisini na nne unaeleza kaswende. Unaanza kwa maneno mepesi: kidonda kimoja, kisichouma, sehemu za siri. Kidonda hicho hupotea chenyewe baada ya wiki chache, hata bila dawa. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe ugonjwa umebaki kwenye damu.

Nilisoma hapo nikasimama. Nikarudia. 

Miaka minne iliyopita nilikwenda mji wa mbali kwa miezi mitatu, kushona upya madaftari makubwa ya mahakama. Nilikaa nyumba ya wageni. Kulikuwa na mwanamke pale. Sitamsingizia chochote, sikulazimishwa na sikulewa. Niliporudi nyumbani nilikuwa na kidonda kimoja, hakiumi. Nikanunua mafuta kwa muuza dawa wa barabarani, nikapaka siku kumi, kikakauka. Nikashukuru Mungu, nikajiapiza sirudii tena, na kweli sikurudia. Nilidhani mambo yameishia hapo. Hili sijawahi kumwambia binadamu yeyote, ninyi ndio wa kwanza kulisoma.

Mstari wa chini yake ulisema: kwa mama mjamzito, mimba inaweza kuharibika, au mtoto kuzaliwa mfu. Pembeni, kwa penseli na mwandiko ule mbaya, binti yangu alikuwa ameandika tarehe mbili. Nilizijua tarehe zile. Ni siku nilizochimba kaburi dogo. Chini yake akaweka alama ya kuuliza.

"Njoo," nilimwita. Akaja akasimama mlangoni. "Ulimwambia nini mama yako?"

"Aende akaombe kupimwa damu. Basi."

"Kingine hukumwambia?"

"Kingine sikijui, Baba. Kingine unakijua wewe?"

Nikaangalia sakafu. Mtoto wangu, niliyemfundisha kushika kisu, ananiuliza swali kama hakimu, na kwa heshima.

"Nesi alisema arudi na wewe Ijumaa," akaendelea.

"Kesho, basi. Nitakwenda naye kesho."

"Ijumaa iliyopita. Soma tarehe."

Nikasoma tarehe. Siku sita zilikuwa zimepita, karatasi imekaa kwenye begi la mtoto.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Aliogopa. Alisema utamwuliza ameupata wapi."

Nikachukua koti. Zahanati hufungwa saa kumi, na ilikuwa inakaribia saa tisa. Nimefika mlangoni nikakutana na hodi.

Alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na nyuma yake mkokoteni wa vitabu vipya, vimefungwa kamba kumikumi.

"Fundi Gundi. Unatoka?"

"Nina dharura kidogo, Mwenyekiti."

"Sitakuchelewesha." Akakaa kwenye kiti changu cha kazi. Mtu anayekuambia hatakuchelewesha kisha akakaa, ujue limekukuta. "Toleo jipya hili. Mia moja na sitini. Sura ya saba wameirefusha, wameweka na michoro. Tunavitaka Jumatatu."

"Sawa."

"La pili ni zito. Kuna mtu anafungua vile vya zamani. Tumekamata vinne. Na amefungua kwa ufundi, Gundi, hakuna ukurasa uliochanika. Ungeona mwenyewe ungesifu."

Nikajisikia fahari, halafu nikaona haya. Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti hata ya pumzi.

"Mwanafunzi atakayepatikana tunamfukuza," akasema. "Mtoto ukimwonyesha njia, ataipita. Wewe unajua mikono ya watu wa kazi hii. Nani anaweza kufanya hivyo?"

Hapo ndipo mwanamume angesema. Angesema, Mwenyekiti, binti wa seremala hakuonyeshwa njia yoyote na ameipita, na mimi mwenyewe nina ndevu nyeupe na sikujua ninaugua nini. Nilikuwa nayo maneno yote hayo. Lakini niliona saa ya ukutani, nikamwona binti yangu akitolewa getini na daftari zake, nikaogopa.

"Nitachunguza," nikasema.

"Na safari hii tumia ile nyeupe ya dukani, isiyobanduka."

"Sawa, Mwenyekiti."

Alipoondoka pazia lilifunguka. Binti yangu alinitazama akiwa amesimama katikati ya marundo yale ya vitabu. Ni mimi niliyesema, "Nimesema hivyo ili aondoke."

"Saa tisa na robo, Baba," akanijibu.

Mke wangu ni msusi. Nilimkuta amesimama nyuma ya mteja, tumbo limegusa kiti, vidole vinakwenda bila yeye kuviangalia. Aliponiona mlangoni vikasimama. Kwa miaka yote tuliyooana sijawahi kwenda saluni kwake mchana.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hapana. Twende zahanati."

Akajua. Akafuta mikono kwenye kanga, akamwambia mwenzake amalizie, na mteja akabaki nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, akilalamika peke yake.

Njiani alikuwa anatembea taratibu, mkono kiunoni. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya maneno. Nikifika kwenye ule mti wa taa nitasema. Tukapita mti wa taa. Nikifika kwa fundi viatu nitasema. Tukapita fundi viatu.

Akaanza yeye.

"Baba watoto, usinikasirikie. Nesi aliniuliza kama nimewahi kutoka nje ya ndoa. Nikamwambia hapana. Akaandika tu, hakusema kitu. Naona kama hakuniamini."

"Mm."

"Sijawahi. Unajua sijawahi."

"Najua."

"Wakisema nina kitu, utaniamini? Hutaniambia niende kwetu?"

Jamani. Ule ulikuwa mlango, umefunguliwa mpaka mwisho, na niliyefunguliwa ni mimi. Nilichotakiwa ni kuingia tu. Na nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeahidi kuwaambia ukweli katika hadithi hii: kwa hatua kama kumi hivi niliwaza kwamba nikinyamaza, lawama itakaa kwake. Hakuna atakayejua. Nitamsamehe mbele ya watu, nisifiwe.

"Twende kwanza," nikasema. "Tutaongea huko."

Akanishika mkono akidhani nimemtuliza.

Nesi alikuwa anafunga dirisha la kadi. Ni mama mtu mzima, miwani ameifunga kwa kamba shingoni. Alitazama karatasi, akatutazama.

"Mmechelewa siku sita," akasema. "Ingieni."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja, na kabati lenye kufuli. Akafungua jalada. Hakutuzungusha.

"Mama, damu yako imeonyesha kaswende. Sikilizeni vizuri kabla hamjaanza kulia. Inatibika. Nina sindano humo kabatini, nakuchoma leo, na baba naye anapimwa na kuchomwa leo. Dawa inapita kwako inamfikia mtoto. Ungekuja mimba ikiwa ya miezi mitatu ningekuwa na furaha zaidi, lakini hatujakata tamaa."

Mke wangu hakulia. Aliuliza polepole, "Hao wawili waliotangulia?"

"Siwezi kuapa. Lakini ugonjwa huu hufanya hivyo."

"Nimeupata wapi?"

"Mimi natibu, mama. Hilo ni la nyumbani kwenu."

Akanigeukia. Nilitegemea kuona shaka machoni mwake, na ingekuwa nafuu. Hakukuwa na shaka. Alikuwa ananiomba nimwamini. Mwanamke aliyezaa mtoto kimya kwa sababu yangu alikuwa ananiomba mimi msamaha kwa macho.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema tangu utotoni, na siku zote nilidhani anayeumbuka ni mgonjwa mwenyewe. Kumbe kinaweza kuanza na wengine.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyeleta. Ile kazi ya mahakama. Nilipata kidonda, kikapona, nikadhani yameisha. Sikujua. Naapa sikujua mpaka leo mchana."

Nesi akageukia kabati akajifanya anatafuta kitu. Mke wangu alikaa akinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilisubiri kofi. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili.

"Dada yangu," akasema.

"Mke wangu..."

"Ulimfukuza dada yangu mlangoni, ananyeshewa. Na mimi nilinyamaza. Miaka miwili sijamwona dada yangu."

Nikavua koti, nikalishika mkononi.

"Mama, panda kitandani," nesi akasema kwa upole. "Nimsikilize mtoto kwanza, ndipo nichome."

Akachukua kile kifaa cha kusikilizia, cha mbao, kidogo, mdomo umetanuka kama tarumbeta. Akakiweka upande wa kushoto wa tumbo, akainama, akaweka sikio. Akafumba macho.

Akakihamisha chini kidogo.

Akakihamisha kulia.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Nyamaza, baba."

Akakirudisha kushoto. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwaruza saruji. Nesi akampigia kelele dirishani aache. Ufagio ukaacha. Akainama tena, safari hii akakaa muda mrefu zaidi, mpaka nikaona mkono wake mwingine umeshika ukingo wa kitanda.

Akainua kichwa. Hakuniangalia mimi.

"Mama, mara ya mwisho mtoto kucheza ilikuwa lini?"

Mke wangu alitazama dari, akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Akakunja cha kwanza. Akakunja cha pili. Alipofika cha tatu nikanyoosha mkono kumshika, naye akauondoa wake.